Mijohoro ya Njia ya Stesheni

Miaka ile baada ya vita vya Hitla, watu wa Kanyenye, mjini Tabora, waliijua alasiri kwa mambo mawili: adhana, na Mwanahawa binti Feruzi akipita na mumewe. Mabruki alikuwa fundi bati. Akishaswali alifunga kibanda chake, akajisugua masizi mikononi kwa mchanga na sabuni, akachukua bakora, nao wakashika njia. Hawakuwa wakienda kokote, na hilo ndilo lililowashangaza watu. Mtu hutoka kwake akaenda sokoni, au shamba, au msibani. Lakini hawa wawili walitoka bila kikapu wala jembe, wakatembea mpaka stesheni, wakageuka, wakarudi. Tena walikwenda bega kwa bega, mume asitangulie wala mke asifuate nyuma.

"Mabruki," Abasi muuza kahawa alimpigia kelele siku moja, "mkeo amekuajiri ulinzi?"

"Ameniajiri upagazi. Nambebea mzigo."

"Mzigo wenyewe uko wapi? Mbona siuoni?"

Mabruki akaigonga kofia yake kwa kidole. "Umo humu."

Wanywaji kahawa wakacheka, lakini Mabruki alikuwa amesema kweli tupu. Mwanahawa alikuwa mtunzi. Harusi nyingi za Kanyenye na za mtaa wa Ng'ambo ziliimbiwa maneno yake, na wanawake wakitwanga walitwangia tungo zake, wengine bila kujua ni za nani. Ila mashairi hayakumjia akiwa ameketi. Alipokaa mkekani alisuka ukindu tu, na kichwa chake kikawa kimya kama chungu kilichofunikwa. Mpaka mguu uanze kwenda ndipo neno lilipoanza kuja.

Mwenyewe alisema ni urithi. Bibi yake aliletwa Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, kwa miguu akiwa msichana, kutoka Manyema, katika msafara wa pembe, nyuma ya wapagazi walioimba njia nzima ili mzigo usiwashinde. Aliyekuwa akiimba, bibi alimwambia, hakuanguka. Aliyenyamaza aliachwa kando ya njia. Basi Mwanahawa alikua akiamini kwamba wimbo ni kitu cha kuinulia mguu, na kwamba asiyetembea hana haki ya kuutunga. Alijiwekea sharti: jambo ambalo hakulifikia kwa miguu yake halingii katika shairi lake. Palikuwa na bwana mmoja wa Ng'ambo, mtunzi wa sifa, aliyependa kuimba mawimbi na tanga na pepo za pwani, naye hajapata kutoka Tabora.

"Mawimbi kayaonea wapi?" Mwanahawa aliuliza. "Kwenye beseni la kunawia?"

Njia yao ilikuwa ile ile siku zote, na kwa Mwanahawa haikuwa ile ile hata siku moja. Walipita nyuma ya soko, wakaambaa na ua wa bustani ya klabu ya Wazungu, ambako hawakuruhusiwa kuingia lakini hakuna aliyewakataza kunusa. Masolwa, Msukuma aliyekuwa mtunza bustani, aliwasalimu kwa kuinua mpira wa maji. Kisha ilikuja njia ya stesheni yenyewe, iliyopita juu ya njia ya kale ya misafara, na huko ndiko kulikokuwa na mijohoro, miti ya kivuli, safu mbili ndefu, iliyopandwa watu wa reli walipofika. Mwishoni mwa kiangazi, miombo ya nje ya mji ilichipua majani mekundu kabla ya tone la kwanza la mvua, kana kwamba imepashwa habari. Mvua ya kwanza ikaleta kumbikumbi, na taa za stesheni zikazingirwa. Wakati wa masika wanawake wa Kigwa walishuka kwenye treni na vikapu vya uyoga. Kipupwe kilileta vumbi na asubuhi za kujikunyata, na mioshi ya mbuga zinazochomwa ikalifanya jua la magharibi kuwa kubwa kama sinia. Haya yote Mwanahawa aliyatembelea mwaka baada ya mwaka, na kila mahali palimpa mshororo wake.

"Kumbikumbi wana haja, ya taa kuliko sisi," alisema jioni moja, amesimama chini ya taa.

"Rudia," akasema Mabruki.

Akarudia. Mabruki akaupiga mshororo kwa bakora ardhini, mizani nane, kisha nane, akaitikia kwa kichwa. Mshororo umekwisha kushikwa. Kesho yake kibandani aliupiga tena kwa nyundo juu ya bati, akitengeneza kibatari au birika, mpaka ukakaa. Mwanahawa hakuyashika mashairi yake mwenyewe. Alipoutoa mshororo aliuacha wende, akatafuta mwingine, kwa kuwa alijua yupo wa kuupokea. Watu walipokuja kuomba wimbo wa harusi aliwaambia, "Mwulizeni Mabruki. Mimi nishasahau." Na Mabruki aliyakumbuka kwa mahali: lile la nyuma ya soko, lile la ua wa bustani, lile la mjohoro wa kwanza.

Hawakupata mtoto. Watu walisema sana juu ya hilo, wakachoka.

Mwaka ule mvua zilianza kwa fujo. Mabruki aliloa akirudi kupigilia bati za bohari moja, akalala na kichomi, na homa ikampanda. Usiku wa mwisho alikuwa akisema maneno ambayo wengine waliyaona ya kuweweseka. Mwanahawa peke yake ndiye aliyejua kwamba anasoma mashairi, moja baada ya jingine, kwa utaratibu wa njia, toka nyuma ya soko hadi stesheni. Alitaka kumkatiza amnyweshe maji, akashindwa. Mabruki alifika kwenye mijohoro, akanyamaza. Alfajiri walimzika.

Bi Sikuzani, mwanamke mtu mzima aliyekuwa somo yake, aliyemfunda tangu usichana, ndiye aliyemwingiza eda. Alimvika nguo nyeupe, akamwondolea bangili, akaufunika uso wa kioo kwa kanga.

"Miezi minne na siku kumi, mwanangu. Hutoki mlangoni ila kwa dharura. Hujipaki mafuta mazuri, hucheki na mwanamume. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, somo."

"Mbona unatazama mlango?"

"Naangalia tu."

Kulia alilia, kama walivyolia wote. Lakini msiba ulipopoa na wageni wakapungua, aligundua jambo lililomtisha kuliko kifo chenyewe. Mabruki hakuwa na shairi. Mtu aliyebeba maneno yake yote alikwenda kaburini bila neno moja lililotungwa kwa ajili yake. Na kile kitu cha kumtungia, yaani njia, kilikuwa nje ya mlango, na masika yakipita bila yeye. Alijaribu kutembea uani, toka jikoni hadi kisimani, akirudi na kwenda. Hakikuja kitu. Uani alijua kila jiwe. Na kila siku kikawa kinampotea kitu cha mumewe: jana sauti ya bakora, leo namna alivyoinamisha bega akipita chini ya matawi. Eda ikiisha kungekuwa na hitima, na watu wangekaa kusubiri kusikia binti Feruzi amemwambia nini mumewe. Aliona atasimama mbele yao kama kisiki.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Pelagia, Mnyamwezi, Mkatoliki, aliyekuwa akiuza karanga za kukaanga. Walikuwa wamezoeana miaka mingi, wakiazimana makaa na ungo. Asubuhi alipoingia na uji, "Mwangaluka, mayu," akimsalimu kwa Kinyamwezi kama mtu wa nyumbani, alimkuta Mwanahawa amesimama katikati ya ua.

"Pelagia, una miguu?"

"Ninayo miwili, na mmoja unaniuma. Kwani vipi?"

"Nitembelee."

Pelagia hakuelewa, akaelezwa. Alitakiwa kushika njia ya stesheni kila alasiri, aende polepole, arudi aseme alichokiona. Pelagia aliona ni kazi ya kichaa, lakini mfiwa hakataliwi.

Siku ya kwanza alirudi haraka.

"Haya, umeona nini?"

"Miti."

"Miti gani?"

"Miti, mwenzangu! Ina majani."

"Ina majani yakoje? Yamelowa? Yamekunjamana? Ndege gani walikuwamo?"

"Mungu wangu. Mimi nilikuwa naangalia tope nisianguke."

Mwanahawa akacheka, akakumbuka hali yake, akajifunika mdomo. Bi Sikuzani, chumbani, alikohoa.

Lakini mtu akiulizwa kila siku alichoona, mwishowe huona. Pelagia akaanza kuleta vitu. Alisema kwamba Masolwa ameng'oa mawaridi yote ya Bibi Mzungu akapanda mengine yale yale. Alisema majani ya mjohoro yakinyeshewa hunusa kama kamba mpya. Alisema yangeyange wamejenga viota kwenye ule mti wa karibu na reli, wanagombana kama wake wenza. Mwanahawa alisikiliza amefumba macho, miguu yake ikipiga mkeka kidogo kidogo. Na siku ile ya yangeyange, mshororo ulikuja. Ulikuwa mmoja, mwembamba, kama mtu aliyetoka hospitali. Akaushika mwenyewe kwa mara ya kwanza, akiurudia mpaka akasinzia.

Masika yalipokuwa yakielekea ukingoni, Mwanahawa alisikia vishindo kwa mbali, upande wa stesheni, siku kadhaa mfululizo.

"Kitu gani kile?"

Pelagia alikuwa akipepeta karanga. Hakuinua kichwa. "Wanapasua kuni za garimoshi."

"Na mijohoro? Imeanza maua?"

Ungo ukasimama. "Imeanza," Pelagia akasema. "Imeanza kwa juu."

Siku zilizofuata maua yaliongezeka. Pelagia aliyaeleza vizuri kuliko kitu chochote alichopata kueleza: manjano yake, nyuki, namna yanavyoanguka yakatandaza njia hata punda akapita kama juu ya busati. Alieleza mti mmoja mmoja. Mwanahawa aliupokea kila mti na kuupa ubeti wake, na mambo ya Mabruki yaliyokuwa yamempotea yakaanza kurudi, kila jambo chini ya mti wake. Hapa alisimama kufunga kamba ya kiatu. Hapa alisema, rudia. Wageni waliokuja kumpa pole walikuta uso wake umetulia, na Pelagia aliwapokea mlangoni kwanza, akiongea nao kwa sauti ya chini kabla hawajaingia. Mwanahawa alidhani anawaomba wasipige kelele.

Eda ikaisha. Bi Sikuzani akamwogesha, akamvua nyeupe, akamvika kanga mpya. Siku ile ile ilisomwa hitima. Wanaume walikaa barazani na misahafu, wanawake uani na sinia za wali. Waliposhiba, Bi Sikuzani akapiga kofi moja la kunyamazisha.

"Binti Feruzi ana neno kwa marehemu."

Mwanahawa akasimama. Alianza nyuma ya soko, akapita ua wa bustani, na sauti yake ilikuwa kavu na imara. Alipofika kwenye njia ya stesheni akapunguza mwendo:

*Mjohoro wa njiani, umejivika manjano,*
*Waniuliza: ya nini, kuja mtupu mkono?*
*Nyuki wamo mauani, wavuma kama miguno,*
*Mabruki yu mchangani, halimfikii neno.*

Kilio kilianza hapo. Alikuwa amekwisha kuimba katika misiba, akajua vilio vya adabu na vilio vya kweli, lakini hiki kilimshtua. Kila mti alioutaja kiliongezeka. Wanawake walijipiga mapaja. Kule barazani wanaume walikuwa wameacha kusoma. Alipomaliza, Koleta, mke wa mlinzi wa bohari, alimjia akamkumbatia, uso wote machozi.

"Umetuua, mayu. Umetuua leo. Mumeo umemlilia, na mijohoro yetu umeililia. Umeisimamisha yote palepale ilipokuwa, mmoja mmoja, na maua yake, kama kwamba haikukatwa."

"Haikukatwa nini?"

Koleta akamwachilia, akaangalia wenzake. Pelagia alikuwa jikoni, ameshika mwiko, amesimama.

Mwanahawa hakungoja wageni waondoke. Alivaa kandambili zake akatoka, kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa, na Pelagia akamfuata mbio, mwiko bado mkononi. Walipita soko, wakapita bustani. Masolwa aliinua mpira wa maji, akaushusha. Kisha njia ikafunguka, na mbele yao ilikuwa nyeupe, tupu, jua likiipiga kote, stesheni ikionekana toka mbali kama jengo lililovuliwa nguo. Pande zote mbili palikuwa na visiki.

Mwanahawa alikitazama cha kwanza kwa muda. Kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, sawasawa, na utomvu wake ulikuwa umekwisha kukauka.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipouliza vishindo."

"Na maua?"

"Yalikuwa yanataka kuanza." Pelagia akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Niliyaona mwaka jana. Nikakuletea ya mwaka jana."

"Mimi nilimcheka mtu aliyeimba bahari ya beseni," Mwanahawa akasema. "Nilimcheka mbele za watu."

"Wewe hukujua."

"Wewe ulijua."

Walitembea. Pelagia alichechemea pembeni, akisimulia. Alikuwa amekuja kila siku. Aliahidi kuja, akaja. Alieleza jinsi mkandarasi wa kuni alivyofika na watu wa msumeno, wawili wawili, wakiimba ili kuvuta pamoja. Mti ulitetemeka kwanza juu, kule kwenye majani, kabla shina halijajua lolote. Mti wa karibu na reli ulipoanguka, makinda ya yangeyange yalitawanyika njiani, hayana manyoya, na mama zao walizunguka juu bila kutua mpaka giza. Mzee mmoja aliyetoka Ziba na mbuzi zake alisimama, akavua kofia, mbuzi wakaingia kwenye majani yaliyoanguka wakala. Harufu ilikaa siku nyingi. Yeye Pelagia alikaa juu ya kisiki hiki hapa akalia, akamlilia Mabruki vilevile, kwa sababu ilikuwa kama kumwona akianguka tena. Akafuta uso, akarudi kusimulia maua.

Mwanahawa alikuwa amesimama.

"Hayo yote ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Ukakaa nayo ukutani kwangu."

"Ulikuwa na msiba tayari, mwenzangu. Ningekuongezea wa pili?"

"Huo wa pili," Mwanahawa akasema taratibu, "ndio ungenipa maneno ya ule wa kwanza."

Pelagia akaushusha mwiko. Akasema, "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa rudia. Anza pale mti ulipotetemeka juu."

Pelagia akarudia. Mwanahawa alitembea, akarudi, akatembea tena, toka kisiki cha kwanza hadi cha mwisho, akimsikiliza, akikanyaga kwa kipimo kama alivyozoea. Mguu ulikwenda. Neno halikuja. Alikuja kesho yake, na kesho kutwa, na kipupwe kizima, na Pelagia kando yake akisimulia mpaka masimulizi yakachakaa, na yale makinda yakawa maneno tu. Mambo yale yalikuwa yameonwa na macho mengine, yakaliliwa na kuisha. Shairi la kweli la Mabruki lilikuwa limepita njiani pale siku za msumeno, naye hakuwapo kulipokea.

Shairi la uongo lilienea. Wanawake walilitwangia, wasichana walilisomea dukani, na watu wa Kigwa walilichukua kwenye treni. Mwanahawa aliwaomba waliache. Walimwona mnyenyekevu, wakaliimba zaidi. Bwana wa Ng'ambo mwenyewe alimtumia salamu za heshima. Hakutunga tena baada ya hapo, na waliokuja kuomba nyimbo za harusi aliwaambia kwa upole kwamba mpagazi wake amekufa.

Alasiri moja, karibu na mvua, hakugeuka alipofika mwisho wa njia. Aliingia uwanja wa stesheni na Pelagia akamfuata. Kuni za mijohoro zilikuwa zimepangwa kando ya reli, rundo refu kuliko nyumba, zimekauka vizuri. Mwanahawa alipita akizigusa, gogo baada ya gogo, akigeuza vichwa vyake kuangalia.

"Unatafuta nini?" Pelagia aliuliza.

"Mjohoro wa kwanza."

"Utaujuaje?"

Akageuza gogo jingine. Magogo yote yalikuwa sawa, ya kahawia ndani na meupe pembeni, na hakuna lililosema lilisimama wapi. Garimoshi la Kigoma liliingia likipumua. Mchochea moto akaruka chini na wenzake wakaanza kurushiana kuni.

"Mama zangu, tokeni hapo! Mtaumia."

Walisogea kando, wakasimama na wasafiri. Treni ilijazwa, ikapiga honi, ikaondoka kuelekea magharibi, na moshi wake ukalala juu ya mji. Kule Kanyenye wanawake walitoka uani wakaanua nguo zao kambani, wakilalamika.